Shetani Mkuu Hufutwa Kazi, Mungu Hafutwi

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumekaa Umoja, hapa Nairobi, kwa nyumba ya rafiki yetu, watu sita, dadu mezani, chai ya flaski na mandazi, tunacheza Dungeons & Dragons venye sisi hucheza kila tukipata nafasi, na mchezo ukasimama karibu saa nzima juu ya swali moja. Dada mwenye hucheza kasisi alikuwa amekosana na mungu wake, amenyang'anywa miujiza yote, alafu akanigeukia mimi ndiye naendesha mchezo akasema: "Sikiza, mi nahama. Kuanzia leo naomba kwa Zariel. Ana tabaka lake, ana jeshi lake, nipe miujiza yangu tuendelee." Jamaa aliyekaa upande wa dirisha akasema haiwezekani, Zariel ni shetani, si mungu. Wa tatu akauliza tofauti iko wapi sasa, kama mtu anaweza kuchoma mji mzima na watu wanampigia magoti basi huyo ni mungu, hayo mengine ni majina tu.

Usiku huo sikuwa na jibu la maana, nikaomba tuahirishe. Nimekaa na hilo swali wiki nzima, kwa matatu, kazini, hadi usiku, na sasa naamini kabisa kuwa huyo wa "majina tu" anakosea, na hilo kosa likiingia kwa mchezo linaua kitu kitamu sana chenye kimekuwa hapo ndani tangu mwanzo.

Kwa wenye hawachezi, picha ni hii. Kuna mashetani na kuna mapepo, na si kitu kimoja. Mapepo wanakaa Abyss, huko ni fujo tupu, mwenye nguvu anakula asiye na nguvu. Mashetani wanakaa Jehanamu Tisa, tabaka chini ya tabaka, kuanzia Avernus, Dis, Minauros, Phlegethos, Stygia, Malbolge, Maladomini, Cania hadi Nessus chini kabisa, na hao ni watu wa sheria, watu wa cheo na mkataba na sahihi. Hizo pande mbili zinapigana vita isiyoisha. Kila tabaka la Jehanamu lina bwana wake, na hao mabwana ndio tunaita mashetani wakuu: Zariel kule Avernus, Dispater kule Dis, Mammon kule Minauros, Mephistopheles kwenye barafu ya Cania, na juu ya wote, ingawa anakaa chini ya wote, Asmodeus.

Sasa watu wengi wakitaka kujua nani ni mungu hukimbilia namba. Naelewa, huu ni mchezo wa namba. Lakini ukizifuata kutoka mwanzo utaona zinakupotosha. Kitabu cha kwanza cha majitu, Monster Manual cha 1977, kilimpa Asmodeus pointi za uhai 199, na Demogorgon mkuu wa mapepo akapewa 200, pointi moja tu katikati yao. Mwaka wa 1980 kikaja Deities & Demigods na miungu yenyewe ikapimwa, Zeus na Odin wakapata 400 kila mmoja, na hapo ungesema sawa, mungu ni shetani mara mbili. Shida ni kwamba mwaka huo huo tukamwona Lolth, malkia wa buibui, mwenye drow, jamii inayokaa chini ya ardhi, wanamwabudu waziwazi, na yeye alikuwa na pointi 66. Joka jekundu lililozeeka kabisa enzi hizo lilikuwa linafika 88. Yaani mtu aliyekuwa na hekalu na makasisi alikuwa na uhai mdogo kuliko mnyama wa pangoni. Ruka hadi toleo la tano: Tiamat, mungu wa majoka waovu, alitolewa 2014 akiwa na pointi 615 na daraja la ugumu 30, na tarrasque ambaye ni jitu tu la kula miji ako na daraja hilo hilo na pointi 676. Zariel wetu alipotolewa rasmi 2018 alipata 580 na daraja 26. Kama namba ndio kipimo basi tarrasque ni mungu kuliko Tiamat, na sijaona meza yoyote inaamini hivyo.

Kwa hivyo namba weka kando. Zinakwambia vita itachukua muda gani, hazikwambii unapigana na nani.

Mtu aliyenifungua macho ni mamangu. Yeye ni Mkatoliki wa zile misa za asubuhi, na mwanzoni huu mchezo ulimkosesha usingizi, na simlaumu, juu watu wa rika lake wanakumbuka vizuri mwaka wa 1994 Rais Moi alipounda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani hapa Kenya. Hofu kama hiyo ilikuwa imewapata Wamarekani miaka ya themanini, na ilikuwa kubwa hadi toleo la pili la D&D la 1989 likaondoa maneno shetani na pepo, na walipowarudisha hao viumbe wakawapa majina ya kubuni, baatezu na tanar'ri. Basi nikamweleza mama polepole kwamba hakuna mtu anaabudu kitu, ni hadithi tunatunga pamoja mezani, na nikamtajia Asmodeus. Akashtuka, lakini si kwa woga. Akaniambia huyo anamjua, ako kwa kitabu cha Tobiti, ndiye aliua waume saba wa Sara mmoja baada ya mwingine usiku wa harusi, alafu Tobia akachoma moyo na ini la samaki, moshi ukamfukuza hadi Misri ya juu na malaika Rafaeli akamfunga huko. "Huyo si mungu," mama akasema. "Mungu hafukuzwi na moshi."

Nikaanza kufuata majina mengine na nikakuta kitu kinauma kidogo. Dispater alikuwa mungu kamili kwa Warumi, Dis Pater, bwana wa walio chini ya ardhi. Baalzebul anatoka kwa Baal-zebubi, mungu wa Ekroni, yule mfalme Ahazia alituma watu wakamuulize kama atapona, iko kwa Wafalme wa Pili sura ya kwanza, na ukifika kwa Mathayo tayari ameshakuwa Beelzebuli mkuu wa pepo. Moloch ni Moleki wa Waamoni. Yaani baadhi ya hao mabwana wa Jehanamu walikuwa miungu ya watu fulani, alafu watu wengine wakashinda, na mungu wa aliyeshindwa akapewa kazi ya ushetani. Sisi hapa hiyo tunaijua bila kusomewa. Neno ngoma kwa Kikuyu lilikuwa la roho za wazee waliotangulia, leo ukilitamka kanisani watu wanasikia shetani. Sidhani waliotunga mchezo walikaa chini wakapanga hivyo, lakini imebaki ndani ya hayo majina: shetani mkuu ni mtu aliyeshushwa, ama mtu anayeweza kushushwa.

Na hapo ndipo mi naona jibu liko. Usiulize ana nguvu kiasi gani, uliza kama anaweza kufutwa kazi.

Wazee wetu wakisimulia enzi za Moi kuna kitu hawakosi kutaja, taarifa ya habari ya saa saba mchana. Waziri alikuwa anatoka nyumbani asubuhi na bendera kwa gari, askari wanampigia saluti, mkoa mzima unamtetemekea, anaweza kukupa shamba ama akufunge, alafu saa saba redio inasoma jina lake na ikifika saa nane hakuna mtu anashika simu yake. Nguvu zake zilikuwa za kweli. Wale aliowafunga walifungwa kweli. Lakini hazikuwa zake, zilikuwa za kiti, na kiti kilikuwa na mwenyewe.

Sasa angalia historia ya Jehanamu Tisa kwa hilo jicho. Mabwana walipopigana wenyewe kwa wenyewe na Asmodeus akawazima, Geryon wa Stygia ndiye peke yake alibaki mwaminifu kwake, na bado yeye na Moloch ndio peke yao walipoteza viti, na kiti cha Geryon kikarudishwa kwa Levistus, ambaye amefungwa ndani ya barafu kwa kosa la kumuua mke wa Asmodeus mwenyewe! Rudia hiyo pole pole. Mwaminifu anatolewa, muuaji anapewa tabaka akiwa bado amegandishwa. Moloch, aliyekuwa bwana wa Malbolge, alishushwa hadi akapewa umbo la kashetani kadogo, imp. Aliyechukua nafasi yake, yule ajuza mchawi, mwili wake ulivimba na kupasuka hadi ukawa ndio tabaka lenyewe, na juu ya maiti yake akakalishwa Glasya, binti ya Asmodeus. Baalzebul akageuzwa koa, ile konokono haina nyumba, akaburuta tumbo kwa matope ya Maladomini. Bel alikuwa bwana wa Avernus, leo ni mtu wa chini ya Zariel, na Zariel mwenyewe alikuwa malaika.

Mungu haendi hivyo. Mungu katika huu mchezo anaweza kufa, ndio, na maiti yake inaelea kwa anga ya Astral, kubwa kama kisiwa, na githyanki, jamii ya wapiganaji wanaokaa huko, wamejenga mji wao mzima, Tu'narath, juu ya mmoja wao. Unaweza kumuua mungu, unaweza kumnyima waumini hadi akauke. Lakini ni nadra sana usome mungu ameitwa ofisini akaambiwa kuanzia kesho vita si yako, mwachie fulani. Uungu hauko kwa kiti, uko kwa yeye, na akianguka unaanguka naye. Shetani mkuu akianguka kiti kinabaki pale pale, kina joto bado, na mwingine anakaa.

Ukikubali hiyo, mambo mengi ya mezani yanajipanga yenyewe, hasa tofauti ya kasisi na yule mwenye sisi tunamwita mtu wa mkataba. Kitabu cha wachezaji cha 2014 kinasema wazi kwamba mtu wa mkataba anaweza kufunga mapatano na Asmodeus, Dispater, Mephistopheles ama Belial, kinawataja kwa majina. Kasisi yeye anaomba. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa za kupata nguvu na zote mbili ni nzuri. Anayeomba hajui atajibiwa lini wala kwa nini, anajiachilia tu. Anayetia sahihi anajua atapata nini na atalipa nini, ama anadhani anajua. Ukimpa Zariel uwezo wa kusikia maombi na kujibu kama mungu, umefuta mkataba, na ukifuta mkataba shetani mkuu amebaki kuwa mungu mwovu mwingine tu na pembe, na hao tunao wengi.

Na mkataba ndio utamu. Mwenye amecheza Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa 2023, anamkumbuka Wyll, aliyejifunga kwa shetani Mizora, na Mizora anamtumikia Zariel. Mkataba unasema Wyll atatumwa kuua wa kuzimu, mapepo, wasio na roho na wasio na moyo. Alafu anatumwa amuue Karlach, msichana mwenye roho safi kuliko karibu kila mtu kwa ile safari, na akilalamika anaonyeshwa maandishi: Karlach alitolewa moyo akawekewa injini, kwa hivyo hana moyo. Neno moja. Sijawahi kuona ngumi ya mungu yeyote kwa mchezo wowote ikiniingia kama hiyo sentensi, juu hapo nguvu ya shetani haiko kwa moto wala kwa pointi za uhai, iko kwa wewe mwenyewe kukubali kitu bila kukisoma vizuri, na mtu yeyote amewahi kuweka sahihi kwa fomu ya mkopo ama ya nyumba hapa Nairobi anajua hiyo baridi inapita wapi mgongoni.

Najua nitaulizwa, na Asmodeus je? Yeye anafuta wengine, nani atamfuta? Hili ni swali halali na watunzi wenyewe wamelijibu kila mtu kivyake. Kitabu cha 1999 cha Guide to Hell kilisema yule tunayemwona ni kivuli tu, mwenyewe ni nyoka wa kale kuliko miungu, amelala shimoni Nessus akivuja damu. Toleo la nne la 2008 likasema alikuwa mtumishi wa mungu fulani, akamuua bwana wake, akawa mungu yeye mwenyewe. Na kwa dunia ya Forgotten Realms wakasema alimeza uungu wa Azuth, mungu wa wachawi. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, nao wakamfanya mungu kamili tangu mwanzo, na hao mabwana wengine wa kuzimu wakawa wa daraja la chini yake.

Mi hiyo ya 2008 siipendi hata kidogo na naisema nikimaanisha. Nguvu ya Asmodeus kwa hadithi ya zamani, ile ya mkataba wa kwanza, ni kwamba yeye hakuwa sawa na miungu na bado aliwashinda. Aliwaambia wampe ruhusa ya kuadhibu roho za wenye dhambi, wakatia sahihi, na walipoona anachofanya na hizo roho wakaja juu, yeye akawaambia tu wasome maandishi madogo. Mtumishi aliyewafunga mabosi wake kwa sheria yao wenyewe! Sasa ukimpa uungu kwa kumfanya muuaji aliyemeza mwenzake, umempokonya hicho kitu. Amekuwa mwizi mwenye nguvu, na wezi wenye nguvu tumewaona. Pathfinder angalau walimwachia sheria mkononi, wanasema alishiriki kumfungia Rovagug, yule mla dunia, na ufunguo wa hilo gereza ni wake, yaani hata wema wanamhitaji. Hiyo naweza kukaa nayo.

Kwa meza yangu mimi Asmodeus hana namba, na hata vitabu vya 2018 vilipowapa Zariel na Geryon namba zao yeye viliacha. Lakini pia si mungu. Ni mtu ambaye mkataba wake haujaisha. Siku mtu akipata kosa ndani ya ile karatasi, kifungu kimoja kilichovunjwa, atakuwa waziri wa saa nane mchana kama wengine wote, na nadhani yeye anajua hivyo, na ndio maana hatoki Nessus. Miungu wakubwa hawaitwi na mtu, ukichora duara na kuwasha mishumaa hawaji. Mashetani wakuu wanapenda sana kuitwa, wanatuma watu wao kila mahali wakitafuta nani ana shida. Mtu aliyeshiba na kutulia hahangaiki hivyo.

Basi nimerudi kwa yule dada na jibu. Nimemwambia Zariel hawezi kusikia maombi yako, hata ukilia. Lakini amesikia kwamba umeachwa, na ametuma mtu na karatasi. Nilikaa Jumanne na Jumatano nikiiandika yote, vifungu kumi na moja, nikampelekea kabla ya mchezo ili asome akiwa ametulia. Nilidhani ataangalia sehemu ya miujiza, atapata ngapi na lini. Alipiga simu saa nne usiku na swali moja tu: "Na Zariel akifutwa kesho, hili deni langu linaenda kwa nani?"

Nikamwambia arudi kifungu cha kwanza aangalie nani ametajwa kama mdai. Akanyamaza akisoma. Hakuna jina la Zariel mahali popote kwa ile karatasi. Imeandikwa "bwana wa Avernus" kutoka juu hadi chini. Bado hajatia sahihi.